Muhogo Kwanza, Mpingo Baadaye

George Lilanga alizaliwa mwaka 1934 kijijini Kikwetu, wilaya ya Masasi, kusini mwa Tanzania ya leo, akaanza kuchonga kwa muhogo. Mpingo si mti wa kumpa mtoto. Huchukua miaka mingi, zaidi ya 70, kufikia unene wa kufaa, na kiini chake cheusi hakimsamehe mtu asiyelijua tezo. Muhogo upo shambani, kisu kinaingia bila ubishi, na sanamu ikiharibika unang'oa mwingine.

Ughaibuni Lilanga huitwa msanii aliyejifundisha mwenyewe, kwa kuwa hakusomea sanaa chuoni. Nalipinga hilo kwa moyo wote. Mtoto wa Masasi au Newala amezungukwa na walimu. Hukaa kando ya baba au mjomba anayechonga, huokota mabaki ya miti, hutazama namna mzee anavyoligeuzageuza gogo kabla ya kulitia shoka. Siku atakapokabidhiwa sanamu iliyokwisha kupata umbo aipige msasa, vidole vyake vitapita pale macho yalipokwisha kupita.

Kisha jando. Wavulana huondolewa nyumbani, hukaa kambini chini ya wakubwa, hufundishwa nyimbo, ngoma na adabu za utu uzima. Wanapotoka, kijiji huwapokea kwa shangwe na midimu hujitokeza, wachezaji waliofunika nyuso kwa vinyago. Vinyago hivyo huchongwa kwa mti mwepesi, mbali na macho ya wanawake na ya watoto ambao hawajapita jandoni. Kwa hiyo mvulana hukiona kinyago kikicheza miaka mingi kabla ya kujua kimetoka mikononi mwa nani. Amekwisha kukikimbia, amekwisha kukicheka, anajua kinachowafanya watu wapige vigelegele. Ufundi wa patasi unamkuta na hayo yote moyoni, na kwangu hilo ndilo somo kubwa kuliko yote anayopewa.

Wasichana nao wana shule yao, ambayo waandishi wengi huipita haraka. Karl Weule, mtaalamu kutoka Leipzig, alipofika Newala mwaka 1906 alipiga picha, akarekodi nyimbo, na akaeleza kwa kirefu ufinyanzi wa kina mama. Hawakutumia gurudumu. Kipande cha kibuyu, gunzi la mahindi, kokoto ya kulainishia, basi. Binti hujifunza kwa mama au bibi, akianza na vyungu vidogo. Tukumbuke pia kwamba Newala iko juu ya uwanda wenye shida ya maji; zamani wanawake waliteremka mabondeni kuyachota na kuyapandisha kichwani. Msichana wa huko alikijua chungu kwa shingo yake kabla ya kukijua kwa mikono, na akikifinyanga alifahamu kwa nini hakipaswi kuwa kizito.

Linganisha na Ulaya: mwaka 1488 huko Florence, Michelangelo aliingizwa katika karakana ya mchoraji Ghirlandaio akiwa na miaka 13, kwa mkataba wa maandishi wa miaka mitatu. Uwandani hakuna aliyeandikiana na mtu. Ukoo ndio uliodai na kulipa.

Ukoo huo ulimfuata Lilanga hadi Dar es Salaam. Katika miaka ya 1970 ndugu yake Augustino Malaba, naye mchongaji, alimtafutia kazi Nyumba ya Sanaa, kituo kilichoanzishwa mwaka 1972. Kazi yenyewe ilikuwa ulinzi wa usiku. Wenye kituo walipoona anachoweza kufanya, mlinzi akawa msanii, akachonga, akachora kwenye ngozi za mbuzi, na mwaka 1978 kazi zake zikaonyeshwa Washington, Marekani. Mashetani aliowachonga na kuwachora, wenye masikio mapana na midomo minene, wanaosongamana, wanaochekana na kusukumana, ni watu wa uwanja wa ngoma.

Kisukari kilisababisha akatwe miguu, lakini hakuacha kazi. Vijana walichora pamoja naye nyumbani, mmoja wao mjukuu wake Hendrick Lilanga. Babu alifariki mwaka 2005. Hendrick anachora kwa jina lake mwenyewe.