Kabla ya kuunguzwa moyoni, muulize daktari swali hili

JE, umewahi kuwa umeketi tu, hukimbii wala huna hofu, na ghafla ukahisi moyo ukidunda ovyo? Pengine ulishikwa na kizunguzungu na pumzi zikakupungukia. Usipuuze hali hiyo.

Mapigo ya moyo huongozwa na umeme mdogo unaotoka sehemu moja maalum ya moyo wenyewe. Sehemu nyingine zikianza kutoa umeme wake, mapigo huvurugika. Katika ugonjwa mmoja unaowapata watu wengi, vyumba viwili vya juu vya moyo hutetemeka badala ya kupiga. Damu huweza kuganda humo, na donge likifika ubongoni mgonjwa hupata kiharusi.

Wengi hutibiwa kwa vidonge. Dawa zikishindwa, daktari huweza kupitisha mrija mwembamba katika mshipa wa kinena hadi moyoni, kisha akaunguza sehemu ndogo zinazoleta fujo. Kifua hakipasuliwi. Mnamo 1998 Michel Haïssaguerre na wenzake wa Bordeaux, Ufaransa, walionyesha kuwa fujo hiyo mara nyingi huanzia kwenye mishipa iletayo damu kutoka mapafuni. Tangu hapo matibabu haya yameenea upesi.

Je, ni salama? Nchini Marekani, watafiti walichunguza matibabu kama 93,800 ya aina hii yaliyofanywa hospitalini kati ya 2000 na 2010. Katika kila wagonjwa 100, kama 6 walipata madhara kabla ya kuruhusiwa kwenda nyumbani, yakiwemo kuvuja damu na kutobolewa moyo. Waliofariki hawakufika 1 kati ya 200.

Hata hivyo, hatari haikuwa sawa kwa wote. Madhara yalikuwa mengi zaidi pale daktari alipofanya kazi hii chini ya mara 25 kwa mwaka, au hospitali chini ya mara 50. La kusikitisha ni kwamba wagonjwa wengi waliangukia mikononi mwa madaktari wa aina hiyo.

Usitarajie miujiza pia. Utafiti mkubwa wa wagonjwa 2,204, uliotolewa 2019, haukuthibitisha kuwa njia hii inashinda dawa katika kuzuia vifo na kiharusi. Lakini waliounguzwa walipata nafuu zaidi maishani, na ugonjwa haukuwarudia mara nyingi kama wenzao.

Kwa hivyo, ukishauriwa kufanyiwa matibabu haya, hapa nyumbani au ng'ambo, muulize daktari: wewe mwenyewe huyafanya mara ngapi kwa mwaka? Na hospitali yako je? Wangapi walipata madhara? Tena, usiache dawa za kuzuia damu kuganda bila idhini yake, hata ukijihisi umepona.

Daktari mzuri hatakasirika. Kuuliza si ujinga, na moyo ni wako.