Hamu na Ada katika Mazoezi ya Mwili

Katika mtaa wetu hapa Tanga yupo mzee mmoja, baharia wa zamani, ambaye kila siku ikisha sala ya alfajiri, wenziwe wanapogeuka kurejea majumbani kunywa chai, yeye huketi kwenye ngazi ya msikiti, akavua kubadhi zake akazitia katika mkoba wa ukindu, akatoa humo raba zilizokwisha kulika visigino, akazifunga kamba polepole, fundo juu ya fundo, kisha akashika njia ya Raskazone mpaka maji yaonekane, akarudi. Nilimwuliza siku moja apataje hamu ya kufanya hivyo mwaka baada ya mwaka. Naye akanitazama kana kwamba nimemwuliza apataje hamu ya kunawa uso, akasema kuwa habari za hamu hazijui, ila ajua kwamba sala ikisha miguu yake huelekea baharini.

Jawabu lile nimelipima kwa muda mrefu, na kila nisomapo waliyoyagundua wataalamu wa mwili na wa nafsi naliona lina uzito. Sisi aghalabu hudhani kwamba adumuye na mazoezi ni mwenye hamu kubwa kuliko wenziwe, na aliyeacha ni mtu wa ajizi asiyeijali siha yake. Na dhana hiyo, naamini, imewavunja moyo wengi waliokuwa na nia njema, kwa kuwa imewafanya waione aibu mahali pasipo na aibu yoyote.

Watazame Wahadzabe waishio kandokando ya Ziwa Eyasi, ambao mpaka leo wapo miongoni mwao wanaoishi kwa kurina asali, kuchimba mizizi na kuwinda kwa upinde. Watafiti waliwavisha vyombo vya kuhesabu mapigo ya moyo, na katika taarifa iliyotolewa mwaka 2017 ikaonekana kwamba huishughulisha miili yao, kwa kadiri ya wastani au kupita hapo, kwa muda wa dakika 135 hivi kila siku, ilhali Shirika la Afya Duniani humtaka mtu mzima apate dakika 150 mpaka 300 za kadiri ya wastani kwa juma zima. Walakini hakuna miongoni mwao aondokaye kambini kwenda kukimbia pasipo haja. Kazi ikisha huketi kivulini, wakazungumza, wakapumzika saa nyingi. Daniel Lieberman, mwanazuoni wa Chuo Kikuu cha Harvard, ameshikilia kwamba hiyo ndiyo hulka ya binadamu: mwili uliokulia katika dunia ya chakula haba ulijifunza kuiwekea akiba nguvu yake, na kutoitumia ila kwa dharura au kwa furaha kama ya ngoma na michezo. Basi ile sauti inayomwambia mtu alfajiri avute shuka alale tena si sauti ya tabia mbovu; ni urithi wa mababu waliookoka kwa sababu ya kuisikiliza.

Haja ndiyo iliyowatembeza wale wa kale, na haja hiyo hiyo, katika sura nyingine, ndiyo iliyowakinga makondakta wa mabasi ya ghorofa wa London, ambao mtafiti Jeremy Morris na wenziwe, katika uchunguzi uliochapishwa mwaka 1953, waliona kwamba maradhi ya moyo yaliwapata kwa uchache kuliko madereva waliokaa kitako siku nzima. Nao hawakuwa wakipanda na kushuka ngazi kwa kutafuta afya, bali kwa kukata tikiti. Sisi ambao haja imetuondokea, maji yakawa bombani na safari zikawa za daladala na bodaboda, tumebaki na hamu peke yake, na hamu ni kitu kijacho na kwenda. Yafaa tutafute cha kuiweka mahali pa haja.

Hapo ndipo ninapoukumbuka uchunguzi uliofanywa Uingereza na kutangazwa mwaka 2002, kwa wanafunzi 248 waliogawanywa mafungu matatu. Fungu la kwanza halikupewa mawaidha yoyote. La pili likasomeshwa habari za kutisha za maradhi ya moyo na faida za mazoezi. La tatu likasomeshwa yale yale, ila kila mmoja akatakiwa aandike katika karatasi ni siku gani, saa ngapi na mahali gani atakapofanya mazoezi katika juma lijalo. Katika fungu la kwanza waliofanya japo mara moja kwa dakika 20 walikuwa asilimia 38. Katika lile lililopewa mawaidha matupu walikuwa asilimia 35. Na katika lile lililoandika saa na mahali walikuwa asilimia 91. Ni kweli kwamba lilikuwa jambo la juma moja, na walioulizwa ni vijana waliotoa wenyewe habari zao. Lakini tofauti ile ni kubwa mno hata mtu asiweze kuipita bila kusimama. Mawaidha waliyapata wote wawili, wa pili na wa tatu. Kilichozidi kwa wa tatu ni saa na mahali, yaani kile ambacho mzee wa Raskazone hukipata katika adhana.

Jambo lililofungwa hivyo na saa na mahali huja likawa ada; nayo ada huchukua muda gani kukaa? Watu husema siku 21, na asili ya hesabu hiyo ni kitabu cha mwaka 1960 cha Maxwell Maltz, tabibu wa Marekani aliyekuwa akitengeneza nyuso za watu, ambaye aliona kwamba wagonjwa wake huhitaji siku zisizopungua 21 hivi kuizoea sura mpya. Kuizoea pua na kuizoea mbio ni mambo mawili mbali. Phillippa Lally na wenziwe wa University College London waliwafuata watu 96 kwa majuma 12, kila mmoja akiwa amechagua jambo dogo la kulifanya kila siku baada ya jambo jingine, na kwa wale ambao hesabu zao zilisomeka vizuri, mtu wa katikati alihitaji siku 66, wengine wakikisiwa siku 18 na wengine 254. Waliochagua mazoezi walikawia kuliko waliochagua kunywa maji. Na katika uchunguzi huo huo mna neno la faraja, ambalo laiti lingebandikwa ukutani kila mahali watu wanapofanyia mazoezi: kukosa siku moja hakukuharibu ujenzi wa ada.

Liko kosa jingine la wanaoanza, nalo ni kukimbia siku ya kwanza mpaka koo likauke na mbavu ziume. Mtafiti Panteleimon Ekkekakis na wenziwe wameonyesha kwamba mwendo ukipita kiwango ambapo pumzi huanza kwenda mbio kuliko miguu, raha huwashuka karibu watu wote, naye atakayeyahusisha mazoezi na maumivu atapata udhuru wa kuyaepuka. Kipimo chake hakina gharama: maadamu waweza kuzungumza na mwenzio pasipo kukatika maneno, mwendo huo ni wako.

Kwa aliyeacha mazoezi miaka mingi kuna habari ya uchunguzi wa Dallas, Marekani. Mwaka 1966 vijana 5 wenye umri wa miaka 20 walilazwa kitandani majuma 3, na uwezo wa miili yao kutumia hewa ya oksijeni ukashuka vibaya; walipopimwa tena miaka 30 baadaye, ikaonekana kwamba miaka 30 ya umri haikuwapunguzia kama yale majuma 3 ya kulala. Kisha watu wazima hao wa miaka 50 wakapewa miezi 6 ya kutembea, kukimbia taratibu na kuendesha baiskeli, wakiongezewa kidogo kidogo, wakarudishiwa uwezo wote ambao umri ulikuwa umewapokonya.

Masika iliyopita yule mzee wangu alipatwa na homa, akalala majuma mawili. Siku aliyotoka nilimwona kwenye ngazi ya msikiti akifunga kamba zake, mikono ikitetemeka kidogo; akaenda mpaka mwembe wa kwanza, akaushika kwa kiganja, akarudi. Kesho yake akafika mwembe wa pili.