Kubwa, Ghali, Kongwe: Rekodi za Mitandao ya Kijamii Tukizitazama Kutoka Igogo

Sisi wa Mwanza hatuna haya kwa mambo ya "kubwa kuliko". Ziwa letu ndilo kubwa kuliko yote Afrika. Daraja la Kigongo–Busisi, lililofunguliwa tarehe 19 Juni 2025, lina urefu wa takriban kilomita 3 na ndilo refu kuliko yote Afrika Mashariki. Igogo yenyewe, kata ya Nyamagana iliyobanwa kati ya mawe ya mlimani na viwanda vya samaki vya ufukweni, haikosi kijiwe cha kubishania nani wa kwanza na nani wa mwisho. Basi tabia hiyo tuielekeze kwenye kitu kinachokula bando letu kila siku, yaani mitandao ya kijamii. Upi mkubwa, upi mkongwe, upi uliuzwa ghali, upi ulianguka vibaya, na upi utakuwepo siku ambayo watoto wa darasa la tatu leo watakuwa na wajukuu?

Swali hilo la mwisho ndilo gumu, na njia ya kulijibu tunaijua. Miaka nenda rudi tulivuka pale Busisi kwa kivuko. Leo tunapita juu ya daraja. Waliokuwa wakivuka hawajaacha kuvuka. Kilichobadilika ni chombo. Ukizisoma rekodi zifuatazo kwa jicho hilo, utaona nyingi ni sifa za chombo, na chache mno ni sifa za safari.

Wa kwanza duniani

Taji hili kwa kawaida hupewa SixDegrees, ulioanzishwa Marekani mwaka 1997. Ulikuwezesha kujiandikisha kwa jina lako, kuorodhesha marafiki na kuwaona marafiki wa marafiki zako. Ulifungwa kabla ya watu wengi wa Kanda ya Ziwa kuishika kompyuta kwa mara ya kwanza. Wazo lilikuwa zuri, ila waliokuwa na intaneti nyumbani wakati ule walikuwa wachache. Rekodi yake inatufundisha jambo moja: kutangulia hakukupi haki ya kudumu.

Wa kwanza kwetu

Hapa nitabishana na yeyote. Mtandao wa kijamii wa kwanza wa Mtanzania ulikuwa kadi ya salamu ya redio. Unanunua kadi, unajaza jina lako na mahali ulipo, unaorodhesha unaowasalimu, unamalizia na ujumbe wako, kisha unaipeleka studio au unaitia posta. Mtangazaji akiisoma, ndugu wa Sengerema na Ukerewe wanasikia kwa pamoja. Walikuwepo watuma salamu waliojulikana nchi nzima kwa majina ya utani, watu ambao sura zao hakuna aliyezijua. Waliunda klabu, wakakutana, wakachangiana kwenye harusi na misiba.

Kila tunachokiona leo simuni kilikuwemo mle: umaarufu wa jina la kubuni, marafiki usiowahi kuwaona, hamu ya kutajwa, hata kuhesabu nani katajwa mara ngapi. Redio hiyohiyo ndiyo iliyosoma matangazo ya vifo. Meli ya MV Bukoba ilipozama tarehe 21 Mei 1996 karibu na Mwanza na kuua mamia ya abiria, familia nyingi za kandokando ya ziwa zilitega masikio redioni. Kazi ilikuwa ileile ambayo grupu la ukoo linaifanya leo.

Uliokua haraka kuliko yote

Threads ya kampuni ya Meta ilizinduliwa Julai 2023 na kufikisha watu milioni 100 ndani ya siku tano. Facebook, baba yake, ilihitaji takriban miaka minne na nusu kufika hapo. Lakini kasi ile ilikuwa ya kuazima, kwa kuwa aliyekuwa na Instagram aliingia Threads bila usumbufu wa kujisajili upya. Mwulize kijana wa Igogo mara ya mwisho alipoposti kule.

Mkubwa kuliko yote

Facebook ulianza Februari 2004 na ukawa wa kwanza kufikisha watumiaji bilioni moja kwa mwezi, kama ulivyotangaza Oktoba 2012. Mwaka 2023 ulivuka bilioni tatu. Tangu 2009 unaweza kuutumia kwa Kiswahili, ingawa wengi wetu tulishazoea kubofya tunachokijua kwa rangi na mahali kilipo. Ukubwa huu ni wa kweli, ila hautoi ahadi. Hi5, uliotikisa vijana wa intaneti kafe za Tanzania mwishoni mwa miaka ya 2000, nao ulionekana wa milele. Mwaka 2011 ulinunuliwa na Tagged. Leo ukiutaja mbele ya mtoto wa sekondari, atadhani unamsalimia.

Uliouzwa ghali

Kwa bei ya jumla, bingwa ni Twitter. Elon Musk aliununua Oktoba 2022 kwa dola bilioni 44, na Julai 2023 akaubadili jina kuwa X. Lakini ukigawa bei kwa wafanyakazi, WhatsApp haina mpinzani. Facebook ilipotangaza kuinunua Februari 2014 kwa dola bilioni 19, ilikuwa na wafanyakazi wapatao 55. Hiyo ni zaidi ya dola milioni 340 kwa kila kichwa. Waliolipiwa hasa si wale 55. Ni sisi: namba zetu, na mazoea yetu ya kufungua programu ile kabla ya kunawa uso.

Anguko kubwa

MySpace ulinunuliwa na News Corp mwaka 2005 kwa dola milioni 580. Mwaka uliofuata kuna kipindi tovuti yake ilitembelewa Marekani kuliko hata Google. Mwaka 2011 uliuzwa kwa takriban dola milioni 35. Hakuna aliyeupiga marufuku. Marafiki walihama, na mtandao usio na marafiki zako hata ukipakwa rangi mpya hauna kazi.

Google, yenye fedha za kuendesha chochote, nayo ilifunga mitandao yake miwili, Orkut tarehe 30 Septemba 2014 na Google+ tarehe 2 Aprili 2019. Kwa hiyo asitokee mtu akasema kampuni tajiri haiwezi kukuachia njiani.

Upotevu mkubwa

Rekodi hii nayo ni ya MySpace, na ndiyo inayopaswa kutunyima usingizi. Machi 2019 ilifahamika kwamba muziki uliopakiwa humo kati ya 2003 na 2015 umepotea wakati wa kuhamisha data. Ni nyimbo zinazokadiriwa kufika milioni 50. Kati ya wanamuziki wale wapo ambao hawakuwa na nakala nyingine.

Sasa jiulize picha za harusi ya dada yako ziko wapi. Sauti ya marehemu bibi, aliyokutumia kama voisi, iko wapi? Wasanii wetu je? Juni 2020 Diamond Platnumz alitangazwa kuwa msanii wa kwanza wa Afrika kusini mwa Sahara ambaye video zake zimetazamwa mara bilioni moja YouTube. Ni heshima kubwa, na kwa miaka mingi ijayo kumbukumbu ya Bongo Fleva itategemea ghala la kampuni iliyoko California. Kanda za kaseti zilioza, lakini walau zilioza mikononi mwetu.

Kufungiwa kwa muda mrefu

Duniani, China iliifungia Facebook mwaka 2009 na haijaifungulia. Katika nchi zinazopakana na ziwa letu, rekodi ni ya Uganda. Ilianza mwaka 2018 kwa kutoza shilingi 200 za Uganda kila siku kwa mtu anayetumia mitandao ya kijamii, kodi iliyofutwa mwaka 2021. Kisha Januari 2021, siku chache kabla ya uchaguzi mkuu, Facebook ikafungwa. Ilipofika Januari 2025 kufuli lile lilikuwa limetimiza miaka minne, na watu wakawa wamezoea kupita dirishani kwa VPN.

Kwetu, X ilizuiwa Mei 2025. Siku ya uchaguzi, 29 Oktoba 2025, intaneti ilizimwa nchi nzima na ikaanza kurejea tarehe 3 Novemba. Siku zile zilimfunza mfanyabiashara yeyote thamani ya kitu ambacho bando pekee haliwezi kukupa. Aliyekuwa na wateja wake ndani ya programu moja tu alikaa kimya. Aliyekuwa na daftari la namba aliweza kujaribu kupiga.

Kongwe la Kiswahili

Mwaka 2004 Ndesanjo Macha alianza kuandika Jikomboe, blogu inayohesabiwa kuwa ya kwanza ya Kiswahili. Septemba 2005 mpigapicha Issa Michuzi akaanzisha yake akiwa Helsinki, na kwa miaka Watanzania wa ughaibuni waliamka nayo. Mwaka 2006 ukazaliwa mtandao ambao baadaye uliitwa JamiiForums, chini ya Maxence Melo na Mike Mushi.

JamiiForums una rekodi ya uvumilivu. Waanzilishi wake walikamatwa mwaka 2008, Melo akakamatwa tena Desemba 2016. Juni 2018 mtandao ulisimama kwa muda baada ya kanuni mpya za maudhui, zile zilizomtaka hata mwenye blogu kulipia leseni iliyofika takriban shilingi milioni 2.1. Septemba 2025 leseni yake ikasimamishwa kwa siku 90. Umri wake unaupita ule wa Orkut na Google+ vikijumlishwa, bila hata senti ya bilioni zile. Ulidumu kwa sababu watu walipata mle kitu ambacho hawakukipata kwingine, nacho ni nafasi ya kuuliza swali gumu kwa Kiswahili.

Video ya ziwani iliyofika mbali

Tarehe 6 Novemba 2022 ndege ya Precision Air ilianguka ziwani karibu na uwanja wa Bukoba ikiwa na watu 43. Walikufa 19, wakaokoka 24. Picha za simu zikaonyesha mkia ukiwa juu ya maji na wavuvi wakiuzunguka kwa mitumbwi, na kabla jua halijazama dunia ilishaziona. Jina la mvuvi kijana Majaliwa Jackson likavuma kwa ujasiri wake, na akachukuliwa na Jeshi la Zimamoto na Uokoaji.

Hapo kuna faida isiyobishaniwa: watu wa kawaida ndio waliokuwa macho ya nchi. Kuna na mpaka wa faida hiyo. Waliookoa walifika kwa kasia na kamba, na video haikumtoa mtu majini.

Wenye manufaa kuliko yote

Kwa kipimo cha Igogo, mshindi ni grupu la WhatsApp, na si kwa sababu ya stika. Mle ndimo bei ya dagaa inapoulizwa kabla ya mtu kupoteza nauli kwenda soko la Mwaloni Kirumba. Mle ndimo orodha ya michango ya msiba inapotumwa, jina na kiasi, ili asiyetoa ajione mwenyewe. Kikoba, kamati ya harusi, wazazi wa darasa la nne, wapangaji wa nyumba moja: kila shughuli ina grupu lake na admin wake mkali. Mitandao mingine tunaitembelea. Huu tunaufanyia kazi, na ndiyo maana hasara ya kuupoteza ingekuwa kubwa zaidi.

Ngumu kufa

Barua pepe kati ya kompyuta mbili ilitumwa mara ya kwanza mwaka 1971. Ujumbe mfupi wa simu ulitumwa mara ya kwanza Uingereza, 3 Desemba 1992. Vyote viwili vimezika SixDegrees, Orkut na Google+, na hakuna anayevisifia. Siri yao si teknolojia ya ajabu. Havina mmiliki mmoja. Kampuni yoyote inaweza kukupa anwani au laini, na bado utamfikia aliye kwa kampuni nyingine. Tazama milango ya mafundi na mawakala wa mtaani kwetu: kilichopakwa kwa rangi ya mafuta ni namba ya simu. Majina ya Instagram yamebandikwa kwa karatasi.

Rekodi inayosubiri mvunjaji

Hii Tanzania ina haki ya kuidai. Mwaka 2014 Tigo, Airtel na Zantel zilianza kuunganisha huduma zao za fedha ili mtu atume pesa moja kwa moja kwenda mtandao mwingine, na Vodacom ikajiunga mwaka 2016. Tanzania husifiwa kuwa nchi ya kwanza Afrika kulifanya jambo hilo. Tarehe 1 Machi 2017 tukapata pia haki ya kuhama kampuni ya simu bila kubadili namba. Mteja aliyekerwa anaondoka na namba yake, na wateja wake hawajui kama amehama.

Mitandao ya kijamii haijafika hapo. Huwezi kulihamisha grupu la ukoo, na kumbukumbu zake za miaka kumi, likaendelea kwingine huku shangazi asiyependa mabadiliko akibaki alipo. Ulaya imeanza kulazimisha: sheria yake ya masoko ya kidijitali, iliyoanza kubana kampuni kubwa Machi 2024, inaitaka WhatsApp ifungue mlango kwa huduma nyingine za ujumbe.

Basi utabiri wangu ni huu. Miaka thelathini ijayo kusalimiana, kuchangishana, kuulizana bei na kutangaziana misiba kutakuwepo. Majina tunayoyatumia leo mengi hayatakuwepo, na ukubwa wa bilioni tatu hautayaokoa. Mtandao utakaobaki ni ule utakaokuruhusu kuondoka na mali yako. Nchi iliyoweza kuzibana kampuni za simu mpaka zikamwachia mteja aondoke na namba yake inaweza kudai hilo pia kwa kampuni za mitandao. Mpaka siku hiyo ifike, wewe nakili namba za wateja wako kwenye daftari, na picha za harusi ya dada yako ziweke mahali pa pili, leo hii kabla bando halijakata.