Mlenda, Mnavu na Jina la Pili la Mmea

Mvua za Disemba zikishaiamsha ardhi ya Ugogo, ambayo kwa mwaka mzima haipati zaidi ya milimita 600 hivi, wanawake wa Chamwino, Bahi na Mpwapwa hutoka na vikapu, wakarudi na majani ambayo hayakupandwa na mtu. Mengine hupikwa yangali mabichi, na mengine huanikwa, yakatwangwa na kuwekwa akiba ya kiangazi, hata mnunuzi katika soko la Majengo, mjini Dodoma, akayakuta mafungu mafungu ya unga wa kijani usiotambulikana tena ulikuwa jani gani.

Muuzaji akiulizwa husema ni mlenda, na jawabu lake ni la haki. Lakini Corchorus olitorius ni mlenda, Ceratotheca sesamoides ni mlenda, na Sesamum angustifolium, nduguye ufuta, ni mlenda vile vile, kwa kuwa wapishi hutazama utelezi wa mboga wala si ukoo wa mmea. Hapo hapana madhara, maadamu yote ni chakula. Hatari huingia pale mtu anapohama wilaya akalichukua jina la kwao na kulivika mmea wa ugenini.

Utaratibu wa majina mawili ya Kilatini, uliothibitishwa na Linnaeus wa Sweden mwaka 1753, unalikinga jambo hili, ila kwa sharti kwamba majina yote mawili yatajwe. Solanum scabrum ni mnavu, Solanum tuberosum ni kiazi mviringo, na Solanum incanum ni ndulele, ambalo matunda yake ya manjano, yaliyotapakaa kandokando ya njia zetu, yana sumu. Basi aliyeshika Solanum peke yake hajashika kitu. Fauka ya hayo, wataalamu wenyewe hubadilisha: mgagani wa vitabu vya zamani ni Cleome gynandra, wa vitabu vipya ni Gynandropsis gynandra, na mboga ni ile ile.

La kuhadhari zaidi ni mnanaha, Datura stramonium, upendao jaa na kando ya zizi, mahali pale pale pa mchicha. Jani lake lina meno yasiyolingana, likifikichwa hunuka vibaya. Ua lake ni kama tarumbeta, na tunda lina miiba. Alaye hukauka kinywa, mboni zikapanuka, akaweweseka. Mwaka 2019, huko Karamoja, Uganda, unga wa msaada ulioingiwa na sumu za namna hiyo uliwadhuru mamia ya watu, na 5 wakafariki.

P. J. Greenway wa Amani alichapisha kamusi ya majina ya mimea kwa Kiswahili na Kilatini mwaka 1937, na mwaka 2002 Ruffo, Birnie na Tengnäs wakatoa kitabu cha mimea mwitu iliwayo Tanzania. Vitabu hivi ni hazina, walakini jina la Kilatini halimwambii mtu kwamba mgagani huchemshwa na maji yake machungu yakamwagwa. Hilo analijua bibi wa kijijini, na kwa maoni yangu yeye ndiye wa kuulizwa kwanza.

Mwenye shaka na akate tawi lenye ua na tunda, kwa kuwa majani matupu hayatoshi, alibane kati ya magazeti, aandike mahali, tarehe na jina la Kigogo, kisha alipeleke kwa wataalamu wa mimea wa Arusha au wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Na kabla ya jawabu kuja, asionje.