Je, Wajua? Magole na Watafiti wa Sheria wa Mlimani

Je, wajua kuwa lori linalopita Magole, wilayani Kilosa, likitoka bandari ya Dar es Salaam kwenda Rwanda au Burundi linafungwa na sheria iliyotungwa na Bunge la Afrika Mashariki? Ni Sheria ya Udhibiti wa Uzito wa Magari ya 2016, ambayo Tanzania ilianza kuitekeleza Machi 2019. Kikomo ni tani 56, gari pamoja na shehena yake.

Sheria za Jumuiya ya Afrika Mashariki zina watu wanaozichimba. Tangu 2008, ndani ya kitivo cha sheria cha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, yaani Mlimani, kipo kituo cha Tanzania na Ujerumani cha masomo ya sheria za Afrika Mashariki, kinachoendeshwa kwa ushirikiano na Chuo Kikuu cha Bayreuth. Vijana wa nchi wanachama hukaa darasa moja wakisomea uzamili na uzamivu.

Kitivo chenyewe ndicho kilichozaa chuo. Oktoba 1961, chuo kilipofunguliwa katika jengo la TANU mtaa wa Lumumba, hapakuwa na somo jingine ila sheria, na wanafunzi hawakufika 20.

Lakini utafiti wa Mlimani uliomgusa zaidi mkulima wa Kilosa ni wa ardhi. Mwaka 1991 Rais Ali Hassan Mwinyi aliunda Tume ya kuchunguza masuala ya ardhi, chini ya Profesa Issa Shivji wa kitivo hicho. Tume ilizunguka mikoani, ikawasikiliza wananchi kwenye mikutano ya hadhara, kisha ikapendekeza jambo zito: ardhi ya kijiji iwe chini ya mkutano mkuu wa kijiji, si chini ya Rais. Serikali haikukubali. Sheria za ardhi za 1999 zilimwacha Rais kuwa mdhamini wa ardhi yote. Naamini wanavijiji walistahili kusikilizwa zaidi ya hapo.

Maana Kilosa ardhi imemwaga damu. Desemba 2000, huko Rudewa Mbuyuni, wakulima 38 waliuawa katika ugomvi na wafugaji. Mwaka 2009 watafiti watatu, akiwamo mmoja wa Chuo Kikuu cha Sokoine, walichapisha uchunguzi wa mauaji hayo. Hawakuishia kwenye uhaba wa malisho na maji; walionyesha pia sera zilizomsukuma mfugaji pembeni, na rushwa iliyowafanya watu wapoteze imani na vyombo vya serikali.

Je, wajua nani husuluhisha mgogoro wa shamba kijijini kabla haujafika mbali? Ni Baraza la Ardhi la Kijiji, lenye wajumbe saba, na watatu kati yao lazima wawe wanawake. Sheria ya ardhi ya vijiji ya 1999, iliyounda baraza hilo, inabatilisha pia mila yoyote inayomnyima mwanamke, mtoto au mwenye ulemavu haki ya ardhi. Mjane anayefukuzwa shambani na shemeji zake ana pa kushika.

Na tangu 2021 Kiswahili ndiyo lugha ya sheria na ya mahakama Tanzania Bara. Kabla ya hapo, mkulima aliyefikisha kesi Mahakama Kuu alisomewa hukumu ya shamba lake kwa Kiingereza, akasubiri mtu wa kumweleza kama ameshinda.