Picha inavyoweza kufichua umbali wa mpigapicha na ndovu

PICHA ya ndovu dume aliyetanua masikio huweza kuzua mzozo mkali. Je, dereva wa watalii alimsogelea mnyama kupita kiasi, au mpigapicha alikuwa mbali akitumia lenzi ndefu? Swali hilo si la mzaha, kwani kanuni za Shirika la Huduma kwa Wanyamapori (KWS) huwataka wageni wasiwe karibu na mnyama kwa chini ya mita 20.

Mara nyingi jibu limo ndani ya picha yenyewe. Kamera ya dijitali huhifadhi, pamoja na tarehe, urefu wa fokasi wa lenzi iliyotumika, yaani umbali kutoka katikati ya lenzi hadi pale inapokutana miale itokayo mbali. Zidisha urefu huo kwa kimo halisi cha mnyama, kisha ugawe kwa kimo cha taswira yake kwenye sensa, kile kibamba kinachonasa mwanga.

Tuseme ndovu ana mita 3 kutoka wayo hadi bega, na taswira yake ina milimita 15 kwenye sensa yenye kimo cha milimita 24. Ikiwa lenzi ilikuwa ya milimita 400, mpigapicha alikuwa umbali wa mita 80. Ikiwa ilikuwa ya milimita 100, alikuwa mita 20 tu, mpakani kabisa mwa kanuni.

Hata hivyo, hesabu hii ni makadirio. Ndovu huyo akiwa na kimo cha mita 2.5, zile mita 80 hushuka hadi 67. Picha iliyokatwa kingo hupotosha zaidi, kwa kuwa mnyama huonekana amejaza fremu. Simu za mkononi nazo zina mtego wake: milimita 26 zinazotajwa na watengenezaji aghalabu si urefu halisi wa fokasi, bali ulinganisho na kamera za filamu ya milimita 35. Anayetumia tarakimu hiyo pamoja na kimo cha sensa ndogo ya simu atapata umbali uliozidi ukweli mara kadhaa.

Lawama nyingi hutokana na gari linaloonekana kana kwamba limemgusa mnyama. Wengi hudai lenzi ndefu ndiyo "hubana" mandhari, ilhali kinachofanya hivyo ni umbali wa mpigapicha. Gari lenye kimo cha mita 2, likiwa mita 40 nyuma ya ndovu yule, litakuwa na taswira ya milimita 6.7 katika picha ya kwanza, lakini milimita 3.3 katika ya pili, ingawa ndovu mwenyewe ana ukubwa ule ule katika zote mbili.