Mashine Ikifa, Leseni Huenda Wapi?

Anayenunua kompyuta iliyotumika katika maduka ya katikati ya Kigali huuliza RAM, ukubwa wa diski na betri inakaa saa ngapi. Swali la leseni huja baadaye, mara nyingi siku ambayo mashine ya zamani imegoma kuwaka na programu ya uhasibu iliyolipiwa imo ndani yake. Fundi huchomoa diski na kuipachika kwenye mashine nyingine. Mafaili yote yanaonekana, ankara zote zipo, lakini programu ikifunguliwa inadai kuamilishwa upya, na ufunguo uleule uliokubaliwa zamani sasa unakataliwa.

Diski haikuharibu kitu. Programu imetazama mahali ilipo na kuona kwamba imehama.

Microsoft ilipotoa Windows XP mwaka 2001, iliifunga programu na mashine kwa njia ambayo msingi wake unatumika hadi leo. Windows hiyo ilikagua vitu 10 ndani ya kompyuta, miongoni mwake prosesa, RAM, diski, kadi ya picha na kadi ya mtandao. Taarifa ya kila kimoja ilipitishwa kwenye hesabu ya njia moja: unaingiza namba ndefu, inatoka namba fupi, na hiyo fupi haikurudishi kwenye ile ndefu. Mwaka huohuo kampuni ya Ujerumani iitwayo Fully Licensed iliuchambua mfumo huo na kuuanika. Namba ya kadi ya mtandao, ambayo kwa kawaida ina biti 48, ilikuwa imebanwa hadi biti 10, yaani majibu yasiyozidi 1,024. Ukubwa wa RAM ulipewa biti 3 tu. Kwa kipengele kimoja, basi, mamilioni ya kompyuta zilifanana. Vipengele vyote vilipounganishwa ndipo ilipopatikana alama ya mashine moja. Binafsi naona huo ni ubunifu wa kuheshimiwa. Seva ya Microsoft iliweza kujua kwamba mashine imebadilika bila kupokea orodha kamili ya vilivyomo ndani yake, na mtu aliyeongeza RAM au kubadilisha diski hakuadhibiwa, kwa kuwa mabadiliko machache yaliruhusiwa.

Nusu ya pili ya kazi ni saini ya kidijitali. Alama ya mashine ikishafika, seva hurudisha kibali kilichotiwa saini kwa ufunguo wa siri ambao mwenye programu hautoi kwa yeyote. Programu iliyoko kwako imebeba ufunguo wa wazi unaolingana nao: unaweza kuhakiki saini, hauwezi kuitengeneza. Ndiyo maana kunakili kibali na kukipeleka kwenye kompyuta ya pili hakusaidii. Saini itaonekana ni halali kabisa, ila itakuwa inathibitisha mashine isiyo hii.

Katika Windows za sasa kipengele chenye uzito mkubwa ni ubao mkuu, ule ambao mafundi huuita mazabodi. Tangu Windows 8 ilipotoka mwaka 2012, kompyuta inayouzwa ikiwa na Windows tayari huwa na ufunguo uliohifadhiwa ndani ya ubao huo. Hili lina faida kwa nchi inayojitahidi kuvipa vifaa vyake maisha ya pili. Kituo cha Enviroserve huko Bugesera, kusini mwa Kigali, hukusanya taka za kielektroniki na kukarabati kompyuta zinazofaa kutumika tena. Mashine yenye ufunguo kwenye ubao ikifutwa diski na kuwekewa toleo lilelile la Windows, ufunguo husomwa wenyewe. Kwa upande mwingine, leseni hiyo haiwezi kung'oka. Masharti ya Windows iliyokuja na kompyuta yanaruhusu kuihamisha pamoja na kompyuta yenyewe tu. Ile iliyonunuliwa dukani peke yake ndiyo inayoweza kuhamia mashine nyingine, mradi iondolewe kwenye ya kwanza.

Ni nani aliyeamua hivyo? Si fizikia ya mashine. Mwanzoni mwa 2013 Microsoft ilitoa Office 2013 kwa masharti kwamba nakala ya dukani ingebaki kwenye kompyuta ya kwanza daima. Wateja walipiga kelele. Machi mwaka huohuo kampuni ikabadilisha masharti: mnunuzi akaruhusiwa kuihamishia kwenye kompyuta nyingine mara moja kila siku 90, na hata kabla ya hapo ikiwa mashine imeharibika. Programu ilikuwa ileile, hesabu ileile, saini ileile. Kilichobadilika ni uamuzi wa muuzaji kuhusu kile ambacho seva yake itakubali. Tangu hapo nikisikia mtu akiambiwa kwamba leseni "haiwezi" kuhamishwa, huwa najiuliza kama haiwezi au hairuhusiwi.

Mahakama nazo zimeligusa jambo hili. Tarehe 3 Julai 2012 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya, katika kesi ya UsedSoft na Oracle, iliamua kwamba aliyenunua haki ya kutumia nakala ya programu bila kikomo cha muda anaweza kumuuzia mwingine haki hiyo, kwa sharti kwamba nakala aliyobaki nayo asiweze kuitumia tena. Uamuzi huo hauifungi Rwanda. Hapa msingi ni sheria ya mali ya ubunifu ya mwaka 2024, iliyochukua nafasi ya ile ya mwaka 2009, pamoja na mkataba ambao mnunuzi huukubali kwa kubofya bila kuusoma.

Wafanyabiashara wa Kigali wanaufahamu mfumo mwingine wa kufunga programu, pengine bila kuufikiria hivyo. Programu ya EBM ya kutolea ankara, ambayo Mamlaka ya Mapato, RRA, huitoa bure, huanzishwa kwa namba ya mlipakodi, namba ya tawi na namba ya kifaa. Namba hiyo ya kifaa haikokotolewi kutoka kwenye prosesa wala diski; imo kwenye daftari la mamlaka. Tofauti ni kubwa. Mashine ikiungua, kitu cha kurekebisha kiko kwenye daftari, na kuna ofisi inayojua wewe ni nani. Naamini wauzaji wa programu wangewatendea haki wateja wao kama wangefuata njia hiyo ya kumtambua mtu kwanza, mashine baadaye.

Maana seva nayo hufa. Desemba 2012 Adobe ilizima seva za kuamilisha Creative Suite 2, ikalazimika kuwapa wateja wake nakala isiyohitaji kuamilishwa. Si kila kampuni itafanya hivyo, na kampuni iliyofilisika haina wa kumwomba.

Kwa hiyo, mashine yako ikiwa bado inawaka, fungua akaunti yako au menyu ya programu ya uhasibu, ya usanifu au ya takwimu, tafuta sehemu ya kuzima leseni, uizime wakati intaneti ipo. Hapo seva hukurudishia nafasi ya kuiamilisha kwenye mashine nyingine. Kuifuta programu tu hakutoshi. Programu nyingi zikifutwa haziiarifu seva chochote. Hata Windows ina amri ya kuondoa ufunguo, slmgr /upk, lakini amri hiyo huuondoa kwenye mashine bila kuiarifu seva.

Kama mashine imeshakufa, kinachobaki ni ushahidi: risiti, ufunguo na anwani ya barua pepe iliyotumika kununua. Muuzaji akivipata anaweza kuifuta alama ya zamani upande wake. Na barua pepe hiyo iwe ya ofisi, isiwe ya mhasibu ambaye mwakani huenda ameajiriwa Huye au Nairobi.